Moyo Hautibiwi kwa Kulazimishwa Kutabasamu

"Fikiria mazuri." "Hesabu baraka zako." Mama aliyezika mtoto anaambiwa awatazame waliobaki. Kijana aliyeachishwa kazi anashauriwa aandike kila usiku mambo 3 yaliyomfurahisha, eti huko ndiko kujitunza. Washauri hawa wana nia njema, na bado wanaumiza watu.

Sina ugomvi na shukrani. Ninachokipinga ni imani kwamba moyo uliojeruhiwa hupona kwa kugeuziwa upande wa furaha. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood wa Kanada na wenzake walichapisha majaribio ambayo watu walirudiarudia sentensi ya kujiambia kwamba wanastahili kupendwa. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walinufaika kidogo. Waliojidharau, hao hasa tunaowahimiza, walijisikia vibaya zaidi. Na wasipopata nafuu tunawalaumu: hujashukuru vya kutosha, huna mtazamo mzuri. Kipigo cha mume na deni la kodi vinageuzwa kuwa kosa la anayeteseka!

Twendeni Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, na kazi hiyo ikazaa Benchi la Urafiki. Bibi aliyepewa mafunzo hukaa na mgonjwa nje ya kliniki, akamwuliza kinachomnyima usingizi, akamwacha aseme yote: njaa, ndoa, majibu ya VVU. Hamkatizi kwa kumwambia ashukuru kwamba yu hai. Wakishamaliza huchagua tatizo moja na kulitafutia hatua ya kuanzia, hata iwe ndogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, lenye wagonjwa 573 kutoka kliniki 24, lilionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar, na wala haupaswi kutushangaza. Misibani kwetu watu hutandika jamvi, wakakaa na mfiwa siku kadhaa, naye akalia na kumtaja marehemu bila kuharakishwa. Mbona basi aliyevunjika moyo kwa talaka, au mzazi mwenye huzuni baada ya kujifungua, tunamfukuza na daftari la baraka? Mwulizeni kilichompata. Kaeni mpaka amalize kusema.