Kengele ya Michezo Ikilia, Mwacheni Atoke

Katika shule nyingi za msingi kati ya Kondele na Mamboleo, jijini Kisumu, kuna mtoto ambaye kengele ya michezo ikilia hatoki. Wenzake wanakimbilia uwanjani, yeye anabakizwa darasani amalize hesabu zilizomshinda asubuhi. Mwalimu wake hana ubaya, anaamini anamsaidia. Hoja yangu ni kwamba tunamnyima kitu ambacho yeye anakihitaji kuliko wenzake wote.

Baadhi ya watoto kama huyo waliumizwa na pombe wakiwa tumboni, ingawa si kila mtoto mzito wa kujifunza yuko hivyo. Malaria kali, njaa, uzazi uliokawia, vyote huacha alama kwenye ubongo. Lakini sisi wa huku hatuwezi kujifanya hatuijui pombe. Ukishuka barabara ya Kakamega kuelekea mjini unaipita Obunga, mtaa unaosifika kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki ya kukaangwa, na kwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Molasi ya kuipikia haitoki mbali: viwanda vya sukari vya Kibos, Chemelil na Muhoroni viko ukanda huu huu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 iliruhusu chang'aa yenye leseni na iliyofungwa chupani, lakini ile ya mapipa ndiyo iliyoendelea kulipa karo na kodi ya nyumba. Wapikaji wengi ni akina mama. Baadhi yao ni wajawazito, na mpikaji huonja anachokipika. Nisieleweke kwamba nawashtaki. Anayemlaumu mama wa Obunga amwonyeshe kwanza kazi nyingine itakayomlisha wiki hii.

Pombe anayokunywa mjamzito hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto tumboni, ambaye ini lake changa haliwezi kuiondoa kama ini la mama linavyoweza. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliwaeleza watoto wa namna hii mwaka 1968, akasomwa na wachache. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walilipa tatizo hilo jina na dunia ikaanza kusikiliza. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape ambako vibarua walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, madhara haya yamekutwa kwa viwango vya juu kabisa duniani. Wachache kati ya watoto hao wana alama usoni. Walio wengi wana sura kama za watoto wengine, na dalili zao ndizo tunazoziita ukaidi: kusahau leo alichokijua jana, kutotulia, kupotea katikati ya maagizo matatu yaliyotolewa kwa mpigo.

Je, ubongo ulioumizwa mapema namna hiyo unaweza kupata nafuu? Mtafiti wa ubongo Anna Klintsova ameliandama swali hili tangu miaka ya 1990, kwanza Chuo Kikuu cha Illinois akiwa na William Greenough, kisha Delaware. Vitoto vya panya vilipewa pombe nyingi kuanzia siku ya nne hadi ya tisa baada ya kuzaliwa, kipindi ambacho ubongo wa panya unakua kama wa binadamu unavyokua katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Huko Illinois panya hao walifundishwa kupita kwenye kamba na vijia vyembamba vyenye vizuizi. Miguu iliyokuwa ikiyumba ilitengemaa, na viungo kati ya seli za ubongo mdogo, ule unaosimamia mwendo, vikaongezeka.

Yaliyopatikana Delaware ndiyo yanayonishughulisha zaidi. Panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walipofika umri wa ujana walizalisha seli mpya katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu. Hata walioumizwa na pombe walizalisha. Ila kwa hao walioumizwa faida haikudumu. Seli zilichipuka zikanyauka kama miche iliyokosa mvua ya pili. Watafiti wakabadili mpango: siku 12 za gurudumu, kisha siku 30 katika kizimba kikubwa chenye wenzao wengi na vitu vipya vya kuchezea na kuchunguza. Safari hii seli mpya zilidumu.

Panya si mtoto wa mtaa wetu wa Manyatta, nalijua hilo. Lakini katika jimbo la British Columbia, Kanada, watoto walioathiriwa na pombe tumboni waliwekwa kwenye programu ya michezo ya wiki nane, na uwezo wao wa kupanga mambo na kujizuia ukapanda. Utafiti ulikuwa mdogo. Hakuna anayedai kwamba mbio hufuta kila kilichoharibika, wala kwamba mjamzito sasa anaweza kunywa bila wasiwasi. Shirika la Afya Duniani bado linasema hakuna kiasi cha pombe kilicho salama katika ujauzito.

Ninachodai mimi ni kidogo na kinawezekana kesho asubuhi. Mazoezi ya viungo yamo kwenye mtaala wa umilisi. Yaheshimiwe, yasimezwe na marudio ya mtihani, na mtoto anayeshindwa darasani awe wa kwanza kutoka. Asizungushwe tu uwanja peke yake kama anayetumikia adhabu. Achezeshwe mchezo wa kati, aruke kamba, afundishwe ngoma yenye hatua za kukariri, awe na wenzake. Akirudi ametoka jasho, hapo ndipo apewe jambo jipya la kujifunza, kwa mikono na kwa maneno machache. Hapa Mamboleo tuna Uwanja wa Jomo Kenyatta, uliofunguliwa kwa sherehe za Madaraka za 2021 mahali palipokuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kaunti ikiutengea watoto wa shule za Obunga na Manyatta asubuhi moja kila wiki, gharama itakuwa ndogo mno.

Vilevile, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwepo nchini tangu 1984. Mtoto akifikishwa huko, mama aulizwe kuhusu pombe kwa sauti ile ile anayoulizwa nayo kuhusu chanjo, na kwenye ripoti inayorudi shuleni, pamoja na ushauri wa masomo, iandikwe ni mara ngapi kwa wiki mtoto huyu atacheza, na ni mwalimu gani atakayekuwa naye uwanjani.