Tom na Jerry: Oscar 7, mtunzi mikono mitupu

Wadau, jana nilizima sauti ya TV watoto wakiangalia Tom na Jerry. Dakika mbili hazikufika, wakaanza kugombea rimoti. Nilikuwa na sababu yangu, nitaisema.

Paka na panya wale karibu hawaongei kabisa. Anayeongea ni muziki, na mtunzi wake ni Scott Bradley, Mmarekani aliyezaliwa 1891. Kuanzia 1940 pale MGM alitunga muziki wa karibu filamu zote 114 za mwanzo. Kazi yenyewe si mchezo: filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde, na Tom akianguka, noti iangukie hapo hapo. Mwaka 1944 jamaa akaingiza hata mfumo wa noti 12 wa Schoenberg, muziki wa wasomi kabisa, eti kwa ajili ya panya aliyevaa kichwa cha mbwa!

Filamu hizo zikazoa Oscar 7. Zote alipewa mtayarishaji, Fred Quimby, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Studio ya katuni ikafungwa 1957, Bradley akastaafu. Alifariki 1977.

Sasa sababu yangu. Mdogo wangu mpiga kinanda kaletewa mkataba na studio moja ya katuni: alipwe mara moja, haki zote zao, jina lisitokee. Akikataa, wanasema, akili mnemba itatunga bure. Bradley walau jina lake liliandikwa mwanzoni mwa filamu. Nimemwambia asisaini mpaka wakubali hilo. Yeye ananijibu kodi ya nyumba inaisha tarehe 30. Mnasemaje wadau?