Shakespeare Hakushuka na Mvua

Tunaambiwa kwamba fasihi ya Kiingereza ilianza na Chaucer, ikakomaa kwa Shakespeare aliyebuni visa vyake vyote mwenyewe, wala haidaiwi na mtu.

Ilianza na Chaucer? Mswada wa shairi la Kiingereza la Beowulf uliandikwa mnamo mwaka 1000, karne tatu na ushee kabla yake. Au haumo hesabuni kwa sababu shujaa wake anatoka Uswidi na kupigana Denmark? Na huyo Chaucer kisa cha Troilus alikichota kwa Boccaccio, Mwitalia, asimtaje hata jina. Akamsingizia Lollius, ambaye kitabu chake hakuna aliyekiona.

Kichekesho hasa ni hicho cha kubuni. Shairi la Arthur Brooke kuhusu Romeo na Juliet lilichapishwa 1562. Shakespeare alizaliwa 1564. Sumu imo, kasisi yumo, yaya mropokaji yumo; naye Brooke alikipokea kisa kutoka Italia. Shakespeare aliibana miezi ikawa siku chache, akampa Mercutio ulimi. Ufundi huo ni mkubwa mno, ila hauitwi kubuni kisa. Na jahazi la Cleopatra katika tamthilia yake nyingine? Limo katika tafsiri ya Plutarch ya Thomas North, 1579, pamoja na matanga yake ya zambarau.