Kura moja ya Nathdwara ina funzo la pili

Desemba 2008, eneobunge la Nathdwara, katika jimbo la Rajasthan nchini India, lilitoa matokeo ambayo hadi leo hutajwa watu wanapohimizwa kupiga kura: Kalyan Singh Chauhan wa BJP kura 62,216, C. P. Joshi wa Congress kura 62,215. Joshi hakuwa mgombea wa kubahatisha. Alikuwa kiongozi wa chama chake jimboni, alikwishashinda kiti hicho mara nne tangu 1980, na alitajwa miongoni mwa walioweza kuongoza serikali ya jimbo. Chama chake kikaunda serikali, yeye akabaki nje ya bunge. Iliripotiwa sana kwamba hata watu wa nyumbani kwake hawakupiga kura, na funzo likaishia hapo: kila mtu ajitokeze. Funzo hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mamlaka inayomtaka mwananchi ajitokeze ina wajibu wa kuhakikisha kuwa akifika, kura yake inahesabiwa.

Sheria za India zinamtambua mpigakura anayefika kituoni akakuta mtu mwingine amekwishapiga kura kwa jina lake. Akithibitisha kuwa ndiye mwenyewe, hupewa karatasi badala ya kubonyeza mashine. Karatasi hiyo hutiwa kwenye bahasha ya pekee, na kura zinapohesabiwa huachwa kando. Penye tofauti ya maelfu, bahasha hiyo haimshughulishi mtu. Penye tofauti ya kura moja, inaweza kugeuza matokeo. Kura za aina hii zilizua ubishi katika kesi iliyopinga matokeo ya Nathdwara, na Januari 2011 Mahakama ya Juu ilikuwa bado inaamua kama zingeweza kuingizwa katika shauri hilo. Miaka miwili na zaidi ya muhula wa miaka mitano ilikuwa imekwisha.

Wapo watakaosema matokeo ya namna hii hutokea kwa nadra, hayafai kutungiwa kanuni. Lakini Januari 1961 Chama cha Afro-Shirazi kilitwaa kiti cha Chake Chake, Pemba, kwa kura moja. Vyama vikafungana, na Zanzibar ikarudi kwenye uchaguzi Juni mwaka huohuo. Hakuna ajuaye mapema ni kituo kipi kitaamua, kwa hiyo uangalifu hauna budi kuwa wa vituo vyote. Wengine watasema Joshi hakudhurika: alirudi na ushindi mwaka 2018, akawa Spika wa bunge la jimbo. Hoja hiyo inamtazama mgombea na kumsahau mpigakura. Mwanasiasa husubiri uchaguzi mwingine. Mwananchi aliyepokonywa kura yake halipwi muhula uliopita. Ndiyo maana daftari la wapigakura lihakikiwe mapema, utambulisho ukaguliwe kwa makini kituoni, na kesi ziwekewe ukomo, kama Katiba ya Kenya ya 2010 inavyoipa Mahakama Kuu miezi sita kuamua kesi za ubunge.