Askari wa Mwili na Kansa ya Ngozi

Juma hili twasema juu ya melanoma, kansa itokayo katika chembe ziipazo ngozi rangi yake. Wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Kweli, wao hupatwa zaidi. Lakini mtu mweusi naye hupatwa, na mara nyingi huanza mahali asipopatazama: kwenye nyayo, viganja, au chini ya ukucha. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika, ulimwanzia katika kidole cha mguu. Akafariki mwaka 1981, umri wake miaka 36 tu.

Zamani kansa hiyo ikishafika mapafuni au katika ini, waganga walikuwa na machache ya kufanya. Mwaka 2002 wataalamu waligundua kosa katika jeni iitwayo BRAF, nalo limeonekana katika karibu nusu ya melanoma za ngozi. Kosa hilo huiamuru chembe izaane bila kukoma. Tangu mwaka 2011 viko vidonge vya kuizuia amri hiyo, na uvimbe wa wengi hupungua kwa majuma machache.

Hapa pana jambo la ajabu. Vidonge vilitengenezwa kuipiga kansa. Kumbe vyawaamsha na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Chembe ya kansa hujificha kwa kuzipunguza alama ambazo askari huitambua kwazo. BRAF ikizuiwa, alama hurudi. Waganga walipochunguza vipande vya uvimbe katika majuma mawili ya kwanza ya dawa, waliona askari wengi wameingia ndani.

Je, tushangilie? Tungoje kwanza. Baada ya miezi kadhaa, kwa wagonjwa wengi kansa hujipatia njia nyingine ya kukua. Hapo alama hufifia tena, askari hupungua, na waliobaki hufungwa breki na kansa yenyewe. Kwa kuvumbua jinsi ya kuzilegeza breki za namna hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Basi, dawa ipi itangulie? Huko Marekani wagonjwa 265 wenye kosa la BRAF waligawanywa mafungu mawili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Katika miezi ya kwanza wenye vidonge hawakuwa nyuma. Lakini baada ya miaka miwili, kati ya kila 100 walioanza na dawa za kulegeza breki, karibu 72 walikuwa hai. Walioanza na vidonge, karibu 52. Anayekwenda mbio mwanzoni siye afikaye mbali. Yafaa askari waitwe kabla hawajachoka.

Nasi jamaa za huku tujifunze nini? Dawa hizo ni ghali mno, tena melanoma ya nyayo mara nyingi haina kosa la BRAF. Kwa hiyo tutazame miguu yetu, na ya wazee wetu pia. Doa jeusi linalokua, kidonda cha wayo kisichopona, mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha: tusikikwangue, tusikichome, bali twende kwa mganga mapema. Melanoma ikikatwa ingali ndogo, mara nyingi mtu hupona kabisa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.