Ukifika Malta, usiishie Blue Lagoon

Kuomba viza ya Schengen ni yuro 90, na ukinyimwa hurudishiwi hata senti. Sasa kijana apitie hayo yote, afike Malta, halafu ashinde amebanwa na umati wa Blue Lagoon akipiga selfi? Hapana, bwana! Panda feri uende kisiwa cha Gozo, ni kama dakika 25 tu. Huko kuna mahekalu ya Ġgantija, makongwe kuliko piramidi za Misri. Pale Dwejra, lile tao maarufu la mwamba liliporomoka Machi 2017, lakini wapiga mbizi bado wanakwenda. Na tega sikio wenyeji wakiongea. Lugha yao ina asili ya Kiarabu. Bahari wao huiita baħar.