MNAKULA BATA ZANZIBAR, SISI TUNADEKI MAJI YENU

Wadau, leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo naomba tuwaseme wapangaji wanaoondoka likizo utadhani wanaihama dunia.

Desemba ikifika, Dar inapungua watu. Wenye kwao Moshi wanajazana stendi ya Magufuli kule Mbezi tangu alfajiri, wa Bukoba na Mwanza wanafuata, na mastaa wetu wanapanda boti kwenda Zanzibar kula bata. Hakuna ubaya. Hela ni zako, umechoka, kapumzike. Ubaya uko kwenye hizo nyumba za kupanga mnazoziacha nyuma. Mnazungusha ufunguo mara mbili, mnapiga picha begi likiwa mlangoni, mnaamini mmejiandaa. Hamjajiandaa jamani. Mmefunga mlango tu, na yote yaliyoko nyuma ya huo mlango mmetuachia sisi tuliobaki.

Kuna dada mmoja, sura yake mnaiona sana kwenye tamthilia, jina kapuni. Amepanga ghorofa ya pili kwenye jengo ninalokaa mimi, jengo la kawaida tu, sio lile jumba la vioo analopigia picha. Desemba iliyopita siku anasafiri, maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Mnajua wenyewe mtu anavyofanya maji yakikatika: anafungua koki, inakohoa hewa, anasonya, anaenda zake. Koki inabaki wazi. Ndivyo alivyofanya. Na chini ya hiyo koki kulikuwa na masufuria na sahani za jana, sinki limeziba. Usiku saa nane maji yakarudi.

Chini yake anakaa mama mmoja fundi cherehani, anashonea sebuleni kwake. Ilikuwa wiki ya Krismasi, vitambaa vya wateja kumi na mmoja viko sakafuni, kila fungu na karatasi ya jina na vipimo. Maji yakapenya dari, yakashukia kwenye taa, yakamwagikia kazi ya watu. Kitenge chekundu kikatoa rangi, ikaingia kwenye lesi nyeupe ya bibi harusi. Wanaojua nguo wanajua hapo hakuna cha sabuni wala cha jiki. Na mshukuru Mungu kwamba huyo mama alizima umeme kwenye swichi kubwa kabla hajakanyaga maji, maana maji yanayochuruzika kwenye taa yanaweza kuua mtu.

Tukampigia dada simu. Inaita, haipokelewi. Lakini Instagram yuko laivu, anacheza ufukweni! Tukaandika kwenye komenti zake, "Dada, nyumba yako inafurika", anayemsimamizia ukurasa akatufuta, alidhani tunatafuta kiki. Baba mwenye nyumba hana ufunguo wa akiba kwa sababu mpangaji alibadilisha kitasa kimyakimya. Mjumbe akaja, akasema havunji mlango wa mtu asiyekuwepo, yasije kuzuka maneno ya vitu kuibiwa. Ikabidi ifungwe koki kuu ya jengo zima. Familia nane tukakaa siku mbili bila maji, wiki ya sikukuu, mpaka ufunguo ulipofika kwa boti umebebwa na abiria. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Aliporudi tarehe 29 alimpa yule mama elfu hamsini, akamwambia ni ya sabuni. Alipoulizwa vizuri akajibu lile jibu lenu mnalolipenda: "Kwani mimi si nimelipa kodi yangu ya miezi sita?"

Hapo ndipo ninapotaka tugombane. Kodi umemlipa mwenye nyumba, ili ukae humo. Hukumlipa yule fundi ili ukubali kumloweshea riziki yake. Kwenye ghorofa, sakafu yako ni dari ya mtu. Ukiwa upo, ukisikia maji yanamwagika unaamka unafunga. Ukiondoka bila kujiandaa, hiyo kazi ya kuamka umempa jirani, tena umempa bila ufunguo. Kwa hiyo kuandaa nyumba kabla ya safari sio ustaarabu wa ziada wa watu wanaopenda usafi. Ni deni. Unawalipa wanaobaki kabla hujapanda boti.

Na nyie makaka msijichekee, najua mnasoma. Kuna mtangazaji mmoja mwenye sauti nzito, tumwache hivyohivyo. Amepanga nyumba ya wapangaji sita pale Sinza, LUKU moja ya kuchangia. Anaondoka wiki tatu, akatangaza kwamba mwezi huo asihesabiwe kwenye mchango kwa sababu hayupo. Kaka, wewe haupo, friji lako lipo! Linanguruma usiku kucha na taa ya barazani kwako inawaka mchana na usiku. Wengine nao wakaondoka mmojammoja, akabaki binti wa chuo peke yake analipia umeme wa nyumba nzima. Siku hela ilipomwishia, umeme ukakatika siku nne. Mle ndani kwa kaka kulikuwa na mguu mzima wa mbuzi. Maji ya ile nyama yalipoanza kutoka chini ya mlango, binti alidhani kuna mtu amefia ndani, akakimbilia serikali ya mtaa. Mnacheka? Yeye hakucheka.

Sasa tuongee kazi yenyewe, maana kulaumu bila kuelekeza ni majungu.

Maji kwanza, kwa sababu ndiyo yanayowafuata wengine. Kabla hujatoka, pita kila koki na uifunge kwa mkono, hata kama maji yamekatika. Hasa kama yamekatika! Sinki na bafu visiwe na chombo wala kitambaa cha kuziba tundu. Kama nyumba yako ina koki yake kuu, ifunge, na umwonyeshe mtu ilipo. Koki inayodondosha usiidharau. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku moja; ukienda wiki mbili yanapita milioni moja, na bili mnaigawana wote.

Halafu zile ndoo na madebe mliyokinga maji ya akiba. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia, na mayai yake kuwa mbu kamili inachukua kama wiki moja hadi siku kumi. Wewe unarudi baada ya mbili, yeye ameshazaa na kulea. Na haumi usiku peke yake, anauma mchana, kwa hiyo neti haitusaidii. Dar hii tuliuguliwa na dengue 2014, tukauguliwa tena 2019, sio hadithi. Mwaga maji, sugua ndoo kwa ndani kwa sababu mayai yanaganda ukutani mwa chombo na yanavumilia ukavu kwa miezi, kisha zifunike au zigeuze chini juu. Tenki nalo lifungwe mfuniko.

Gesi. Wengi mnazima jiko, mtungi mnauacha wazi. Funga kwenye regulata pale juu ya mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, inatambaa sakafuni na kutoka chini ya mlango hadi kwenye korido ambako jirani anawasha kiberiti chake bila habari. Na nyie mnaobaki, mkisikia harufu kwenye nyumba iliyofungwa, msiguse swichi wala kengele ya mlango. Fungueni madirisha ya korido, tokeni nje, pigeni 114 Zimamoto.

Umeme ni kuamua moja kati ya mawili. Ama umalize kilichomo kwenye friji, ulichomoe, ulikaushe, uliache mlango wazi lisiote ukungu. Ama uliache linawaka na unit za kutosha umeweka, au mchango wako umeutoa kabla ya safari. Hakuna cha "nitatuma nikifika". Tivii, pasi, king'amuzi, chaja, vyote chomoa. Umeme wetu ukirudi baada ya kukatika huwa unarudi na hasira. Takataka toa asubuhi ya safari na uache hela ya mzoa taka, panya hawaendi likizo.

Mwisho ufunguo, na hapa ndipo penye ubishi. Najua mtakachosema: "Dar hii? Nimwachie nani ufunguo? Nikirudi nikute godoro tu?" Hoja hiyo siidharau. Watu wameibiwa na majirani, na wapo wenye nyumba wanaoingia kwa mpangaji kuchungulia akiwa safarini, tabia mbaya sana hiyo. Lakini mbona njia zipo? Mwachie ndugu au rafiki anayekaa humuhumu mjini, halafu utupe sisi namba yake. Au utie ufunguo kwenye bahasha, uifunge kwa gundi, usaini juu ya gundi, umkabidhi mwenye nyumba au mjumbe mbele ya mtu wa pili. Ikifunguliwa ijulikane, na waingie watu wawili. Vitu vya thamani vifungie chumbani. Mwizi akitaka kuingia hakusubiri bahasha yako. Tena wewe unayeogopa jirani ndiye uliyewatangazia maelfu ya wafuasi kwamba uko Nungwi mpaka tarehe 28! Picha hizo si ungeziweka ukirudi? Zingeoza?

Na wenye nyumba msikae pembeni mkinywa chai. Yule dada ana kosa lake, lakini koki moja kwa familia nane ni kosa la nani? Mnachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mnashindwa kumwekea kila mpangaji koki yake ya kufunga maji. LUKU moja kwa familia sita ni ugomvi mnaoupangisha pamoja na vyumba. Mikataba yenu ina mistari mirefu ya kukataza wageni na muziki, lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema mpangaji akisafiri ufunguo ubaki kwa nani, na akimharibia mwenzie nani analipa. Andikeni. Karatasi ni ileile, wino ni uleule.

Kuna watakaosema namwonea wivu dada wa watu kwa sababu mimi Krismasi niliila na dekio mkononi. Semeni tu. Lakini nendeni mkamuulize yule fundi. Lesi ya bibi harusi aliilipa kwa hela aliyokuwa ameiweka ya sare za shule za Januari, sare za watoto wake mwenyewe. Bibi harusi hakujua lolote, alivaa akapendeza. Watoto walifungua shule na sare za mwaka juzi, sketi iko juu ya goti, mwalimu akawarudisha nyumbani. Elfu hamsini ya sabuni haikufika huko.

Desemba inakuja tena. Dada wa tamthilia, najua utalisoma hili, na najua umeshaulizia bei ya boti. Nenda, hatukukatazi. Ila kabla hujaburuta hilo begi, teremka ngazi moja, gonga mlango wa fundi, mwambie unaondoka lini, unarudi lini, ufunguo uko kwa nani. Dakika tano tu. Na ukiwa hapo hapo, mlipe lesi yake.

Wadau, mnasemaje? Kwenye nyumba yenu mpangaji akisafiri ufunguo anauacha kwa nani? Na wenye nyumba mliomo humu ndani, jitokezeni mjibu kuhusu hizo koki.